Waliomwokoa Shundi Kiwandani

Nina kisa, na mwenye pupa ya kujibu aume ulimi kwanza mpaka nimalize.

Walikuwepo wanafunzi watatu wa kidato cha tatu. Mhina alikuwa na macho: kuku akivuka uwanja nyuma ya mwalimu, yeye kashamwona. Kibibi alikuwa na maswali, tena yale ya kuchosha watu. Nampombe alikuwa na mikono isiyotetemeka. Mwiba ukizama mguuni, aliitwa yeye na wembe wake.

Shule yao ilialikwa kwenye kiwanda cha katani, watoto wakajionee kazi. Fundi mkuu, Mzee Semboja, aliandika kwamba atachagua mmoja amfundishe ufundi wa mitambo bure akimaliza shule. Mmoja tu. Wote watatu waliitaka nafasi hiyo kufa na kupona.

Mwalimu Kaniki aliwaandaa wiki nzima: kuamkia, kusimama, kushukuru. Akaazima na tai za kidato cha nne ili wote waonekane nadhifu. Huo ndio ujinga nisiouvumilia, kumpamba mtoto kwa ajili ya macho ya watu kabla hujapachungulia unakompeleka.

"Maswali?" akauliza.

"Mashine zinazimwa wapi?" akasema Kibibi.

Darasa likacheka. "Mama Giza huyo," mmoja akamtania. "Hajafika, keshataka kuzima."

Siku ikafika. Mzee Semboja aliziona tai, akasema zivuliwe. Mwalimu akambembeleza zisokomezwe ndani ya mashati, maana kuna picha ya kupigwa. Mzee akakubali shingo upande. Angenikuta mimi.

"Shikamoo mzee," Kibibi akasema mlangoni. "Mashine ya humo ndani inazimwa wapi?"

"Marahaba. Kitufe chekundu, nyuma ya nguzo ile."

Ndani palinguruma ngoma ya chuma yenye meno, ile inayochana katani. Usingesikia hata aliyekupigia kelele sikioni. Shundi, mdogo kuliko wote darasani, alidondosha kalamu, akainama. Tai yake ndefu ya kuazima ikachomoka, ikalalia fungu la katani lililokuwa likisukumwa kwenye meno. Fungu likaingia, na tai ikaingia nalo.

Mhina aliona. Alipiga kelele, hakuna aliyegeuka. Akavua kiatu, akamtupia Kibibi aliyekuwa karibu na nguzo. Kikampata mgongoni.

Kibibi aligeuka na tusi mdomoni, akamwona Shundi anavutwa. Hakutafuta wala kuuliza. Alizunguka nguzo, akabonyeza kitufe chekundu.

Umeme ulikatika, lakini chuma kizito hakisimami kama mtu. Ngoma iliendelea kuzunguka kwa uzito wake. Uso wa Shundi ulikuwa kiganja kimoja tu kutoka kwenye meno, macho yamemtoka, sauti hana. Mwalimu aliganda. Nampombe alichomoa soksini wembe aliokatazwa kuja nao, akapenyeza vidole baina ya tai na shingo, akakata.

Shundi alianguka sakafuni. Ngoma ikazunguka mara tatu nyingine, ndipo ikatulia. Tai haikuonekana tena.

Wakamtoa Shundi nje.

"Nisingeona mimi," Mhina akasema, "tungekuwa tunamzika."

"Ungeona ukafanya nini? Kiatu kinazima mashine?" Kibibi akamjibu.

"Mlizima, ikaendelea," akasema Nampombe, na sasa mikono yake ilikuwa inatetemeka. "Nyie hamkuusikia mkoromo wake."

Mzee Semboja alichuchumaa mbele ya Shundi. "Mwanangu, nafasi ninayo moja. Nani kakuokoa? Nitamchukua huyo."

Shundi alishika shingo yenye alama nyekundu. Aliwatazama watatu wale, mmoja mmoja.  Akalia.

"Basi," mzee akasema, akainuka na fomu ya nafasi ile mkononi. "Siwezi kumlazimisha."

Na usiniambie wagawane, nafasi ya kujifunza kazi si muwa wa kukatwa vipande. Usiniambie pia kwamba wembe ulikatazwa. Mwambie hivyo mama yake Shundi.

Fomu ina mstari mmoja wa jina. Wewe uliyenisikiliza, shika kalamu: utamwandika nani, na wale wawili utawatazama vipi usoni?