Nguchiro Ampitisha Kifaru Langoni

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walijua kompyuta kabla binadamu hajajua jembe. We, unacheka nini? Sikiliza!

Bonde zima lilikuwa na programu moja, na ndiyo iliyopiga honi mto ukifurika. Kila mnyama aliruhusiwa kuirekebisha, ila kazi yake ilipita kwanza kwa Kasuku, langoni. Kasuku alikagua unadhifu wa maandishi kwa sheria alizofundishwa na Mzee Kifaru.

Sasa honi ikaharibika, na mawingu yametanda. Bi Nguchiro, mwenye watoto wachanga shimoni kando ya mto, akaandika mstari mmoja wa kuitengeneza, akaukimbiza langoni.

"Kwaak! Kosa! Mstari wa juu umepinda!"

"Huo si wangu! Ni wa Tembo, wa tangu mwaka juzi!"

"Ukigusa ukurasa, makosa yote ni yako. Rudi!"

Akaunyoosha.

"Kwaak! Pale kati nafasi zimezidi. Rudi!"

"Si uniambie yote kwa pamoja, jamani!"

"Sikufundishwa hivyo. Rudi!"

Bi Nguchiro akalia, maskini. Mara ngurumo, ngurrr! Akafuta machozi, akaenda mbio kwa Kifaru.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kama umekuja nilegeze sheria, geuza. Zamani hapa hakuna aliyeweza kusoma kazi ya mwenzake." Na hapo hakusema uongo.

"Ulegeze? Hata! Naona aibu tu, ukurasa wa honi hauna jina la mlinzi wake. Liandike, Mzee, tena kwa mkono wako."

Kichwa kikamvimba Kifaru! Akaandika jina lake, akaenda langoni kwa madaha, du, du, du, Bi Nguchiro nyuma yake.

"Kwaak! Kosa! Rudi!"

"Hunijui mimi?"

"Nakujua, Mzee. Rudi!"

Akasahihisha. "Kwaak! Rudi!" Akasahihisha tena. "Kwaak!" Jasho likamtiririka, na matone ya mvua yakaanza, ta, ta, ta.

"Lakini haya ni ya Tembo! Mimi nimeandika jina tu!"

"Sheria ni msumeno, Mzee," Bi Nguchiro akasema taratibu. "Hata mimi nilileta mstari mmoja tu. Na wanangu wako shimoni."

Kifaru akamkodolea macho. "Kumbe umenitega!"

"Nimekutega. Nisamehe, Mzee. Ningekueleza, ungenisikia?"

Kifaru akamgeukia Kasuku. Aibu ilimshika kweli.

"Kasuku! Kuanzia sasa kila mmoja akaguliwe alichoandika mwenyewe, na makosa yake yote aambiwe kwa mara moja. Ya Tembo nitampelekea Tembo."

Bi Nguchiro akaleta mstari wake.

"Kwaak! Nafasi moja imezidi mwishoni. Basi, ni hilo tu."

Hilo lilikuwa lake kweli. Akalifuta.

"Pita!"

Mvua ikamwagika, mto ukafurika. Pooooo! Honi ikalia, bonde zima likakimbilia kilimani, na watoto wa Nguchiro walipanda juu ya mgongo wa Kifaru, wameng'ang'ania pembe.

Nami nawaambia: ukijenga lango, anza kulipita wewe.