Sinia la Watu Wawili

Mtu mmoja alikuwa na mdogo wake, na alikuwa na kiapo. Mtu huyo aliitwa Kiondo, na mdogo wake Mbelwa. Baba yao alipofariki, Mbelwa alikuwa mbali, katika mji wa kigeni, na hakuja kuzika. Kiondo akasimama makaburini mbele ya watu, akaapa kwamba hatatia mkono kwenye chombo kimoja na Mbelwa maisha yake yote. Watu wakasema huyo ndiye mwanaume. Sisi nasi tunawapenda watu wa namna hiyo, tena sana.

Mwaka uliofuata mama yao akaugua, akataka kuwaona wanawe wote wawili kabla hajafa. Hakuwa na mwingine wa kumtuma. Kiondo akafunga safari, amekaza moyo: atautoa ujumbe akiwa amesimama, kisha atageuza njia.

Mji ule aliushangaa. Watu wake husalimiana kwa kugusana mabega. Mkate wao ni mweusi, mchachu, na mchuzi wao wa dengu una pilipili ya kumliza mtu mzima. Na wana desturi moja: hakuna anayepakuliwa peke yake. Chakula huletwa kwenye sinia la watu wawili, na aliyekuja bila mwenzake hungoja mlangoni mpaka atokee mwingine. Kiondo alitaka kulipia sinia zima. Mama mwenye mgahawa akamcheka, akamrudishia pesa yake.

Basi kwa siku tatu, huku akimtafuta Mbelwa, alikula na watu asiowajua. Alikula na mwashi. Alikula na mchukuzi anayenuka jasho. Siku ya tatu alikula na mtu aliyekiri mwenyewe kwamba ametoka jela kwa wizi. Huyo alimmegea kipande kikubwa cha mkate, na Kiondo akakipokea, akashukuru. Akajiona mtu mwema kabisa.

Siku ya nne akampata Mbelwa kwenye karakana ya useremala. Akausema ujumbe akiwa amesimama. Mbelwa akalia. Alisema yuko tayari kuondoka saa ile ile, ila kwanza wale pamoja. Safari ni ya siku nane, na hawezi kuongozana siku nane na mtu asiyetaka hata kula naye. Mama atawaona walivyo, naye atakufa na uchungu zaidi. Kiondo akajibu kwamba ameshaapa. Akatoka, akarudi mgahawani kungoja mwenzake wa sinia.

Yule mama alimwona uso umekunjamana, akamuuliza kulikoni. Kiondo akamweleza yote, na kiapo akakieleza kwa fahari. Mama yule akaweka upawa chini.

"Baba, jana ulikula hapa na mwizi," akasema. "Huyo mdogo wako angekuwa mtu baki, si ungekula naye?"

Hasira ikampanda Kiondo, kisha ikamshika aibu. Mtu mmoja akaja peke yake, akamkaribisha wale, naye akakataa. Akainuka. Ukaidi uliomfikisha mji ule haukumwacha, ila sasa aliugeuza upande mwingine. Akaenda moja kwa moja mpaka karakana, akamshika Mbelwa mkono mbele ya mafundi wenzake, akamleta, wakanawa. Alikula huku machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

Walipofika nyumbani mama alikuwa bado hai. Aliishi siku mbili zaidi, akafa amewaona wote. Wapo waliosema Kiondo hana msimamo, amevunja kiapo cha makaburini. Aliwaacha waseme.

Nawe unayenisikiliza, uliye mkarimu kwa kila mgeni: ni nani wa tumbo moja nawe unayemnyima nafasi ambayo ungempa mwizi?