Difu Tatu za Mzee Mgongolwa

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura na fisi, bali ya juzijuzi tu, magari yapo na simu zipo, aliishi Iringa fundi mmoja akiitwa Mzee Mgongolwa. Alikuwa na gari la mbio, jeupe, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Alikuwa pia na watoto watatu. Msiniulize alipenda kipi zaidi.

Gari lile liliziweza njia zote isipokuwa Mlima Nyamhanga. Udongo wake ni mwekundu, mvua ikinyesha unateleza kama mlenda, na katikati ipo kona iliyokaa juu ya korongo. Mara tano Mzee alipanda, mara tano akarudi anavutwa kwa kamba. Ndipo siku moja akasema mbele ya ndugu na mafundi wenzake:

"Gari halikatwi vipande kama mkate. Katika wanangu, atakayelifikisha juu ya Nyamhanga, ni lake."

Haukupita mwezi, kiharusi kikampiga. Kikachukua mkono wa kulia, kikachukua mguu, kikachukua na ulimi. Alibaki na macho na mkono wa kushoto.

Sasa wasikilizeni watoto. Wa kwanza Sigilinda, fundi katika gereji ya watu kule Mafinga. Alilitaka gari alipeleke huko, alifungue na kulifunga mpaka ajulikane kwa jina lake. Wa pili Kastori, dereva, maneno mengi na mguu mzito. Alikuwa ameitwa Arusha kukimbiza magari, mradi aje na gari lake. Wa mwisho Odilo, aliyebaki nyumbani akimwogesha baba na kumnywesha uji. Huyu alitaka gari libaki palepale uani, baba akiamka alione.

Ikafika Jumamosi, kesho yake ni mashindano ya kupanda Nyamhanga. Kastori akalitoa gari kulijaribu. Watu wakampigia makofi, naye mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akakanyaga, akakanyaga tena, nyuma pakalia ka! Difu ikavunjika meno.

Labda yupo hapa asiyeijua difu. Ndiyo inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma. Ya kawaida ina ujinga wake: gurudumu moja likiteleza, nguvu yote inalikimbilia hilohilo linaloteleza, na mwenzake anakaa kama mgeni. Kwa Nyamhanga, hapo umekwisha. Gari la mbio linataka difu inayobana, inayoliambia gurudumu, "Hutoki hapa bila mwenzako."

Stooni mlikuwa na difu tatu, zote nyeusi kwa grisi, zote ukubwa mmoja, hakuna iliyoandikwa hata herufi. Mzee alikuwa akiyaweka mambo yake yote kichwani. Wakamleta na kiti chake. Akazitazama, midomo ikatetemeka, neno halikutoka. Nawaambia kweli, lilikuwa jambo la kuhuzunisha: anayejua yupo, na hawezi kusema.

Sigilinda akaibana difu ya kwanza kwenye jiriwa, akazungusha upande mmoja kwa mkono. Upande wa pili ukaenda kinyume, laini.

"Hii ya kawaida."

Akaibana ya tatu, akazungusha. Upande wa pili ukaenda kinyume, laini.

"Na hii ya kawaida."

Akaibana ya pili, akazungusha. Pande zote mbili zikaenda pamoja, hazikubali kutengana.

"Hii ndiyo! Hii inabana!"

"Basi tufunge, dada!" Kastori akapiga kelele. "Tunachelewa!"

Wakainyanyua. Mzee akapiga kiti kwa mkono wake wa kushoto. Pa! Wakadhani anafurahi. Akapiga tena. Pa! Pa!

"Iwekeni chini," Odilo akasema.

"Wewe unajua nini?" Kastori akamkemea. "Hata spana hujawahi kushika."

"Difu siijui, kaka. Baba namjua. Anapiga hivyo ninapompa uji wa moto." Akachukua tochi, akamulika ndani kupitia tundu la oili. "Dada Sigi, njoo uone. Humu mna mabaka ya kuchomelea."

Sigilinda akachungulia. Ile haikuwa difu ya kubana. Ilikuwa ya kawaida, gia zake zimeunganishwa kwa moto, magurudumu hayatengani hata kwenye kona. Gari lenye difu ile, kwenye kona ya Nyamhanga yenye utelezi, lingenyooka moja kwa moja mpaka korongoni.

Zikabaki mbili, zote laini mkononi. Sigilinda akafungua vifuniko. Ya kwanza, gia ndogo nne, za kawaida kabisa. Ya tatu, gia ndefu zimelala upande, zimesukwa.

"Nimekosea kuihukumu," akasema. "Hii mkononi haibani. Inabana ikibeba mzigo. Lakini ina aibu yake. Gurudumu moja likining'inia hewani, inalegea kama ile ya kawaida."

"Kwa hiyo?" Kastori akauliza.

"Kwa hiyo usiliinue gurudumu."

Akaifunga, mikono ikamchubuka. Jua halijazama, gari likasimama kwa miguu yake.

Jumapili mvua ikanyesha tangu alfajiri. Magari manne yalitangulia, manne yakakwama. Mzee aliketi chini ya turubai karibu na kona, Odilo ameshika mwavuli, Sigilinda ameuma kucha. Kastori akaondoka. Gari likashika udongo, likapanda, likapanda, likaingia kona. Hapo ukingo wa barabara ukamomonyoka. Gurudumu la nyuma la kushoto likaning'inia juu ya korongo, likizunguka bure. Injini inalia, gari haliendi. Kisha likaanza kurudi nyuma, kidogo kidogo.

"Ruka!" Sigilinda akapiga yowe. "Kastori, ruka!"

Hakuruka. Akaongeza moto, na wakati huohuo akaivuta hendibreki, kidogo tu, kama mtu anayeshika yai. Breki ikalizuia lile gurudumu la hewani, difu ikahisi mzigo, ikabana. Gurudumu la kulia likauma udongo. Gari likaruka mbele, likatoka konani, likafika juu ya Nyamhanga.

Watu walilia, nami mnayeniona hapa nililia. Lakini furaha ya ndugu haikumaliza hata saa moja.

"Ni langu," alisema Kastori. "Baba alisema atakayelifikisha. Nani alikuwa ndani? Nani angekufa?"

"Usione vyaelea, vimeundwa," alisema Sigilinda. "Difu uliivunja wewe kwa majigambo yako. Ya kukupandisha niliitambua mimi, nikaifunga mimi. Bila mimi ungepanda na nini?"

"Nanyi wawili mlikuwa mnaifunga ya kifo," Odilo akasema polepole. "Bila mimi, leo tungekuwa tunachimba kaburi. Tena nyinyi mtaondoka na gari. Baba atabaki akitazama ua mtupu."

"Ukibaki nalo wewe, litaota kutu!" Kastori akamjibu. "Baba hakujenga sanamu!"

Mzee Mgongolwa aliwasikia wote. Akaingiza mkono wa kushoto katika mfuko wa koti, akatoa ufunguo wa gari, aliokuwa amerudishiwa. Kutoa kwa kushoto si adabu, lakini ndio mkono aliokuwa nao. Akaunyoosha mbele yao. Akamtazama Sigilinda, machozi yakamtoka. Akamtazama Kastori, machozi yakamtoka. Akamtazama Odilo, na machozi hayakukoma. Mkono ukabaki hewani, hauendi huku wala kule.

Sasa nyinyi mlionisikiliza tangu mwanzo, mnaojua kila kitu, semeni. Ulimi hana, hivyo mtakuwa ulimi wake. Je, nani alistahili ufunguo ule?