Likizo, Mgeni na Fundi

"Mbwa mwenye majina matatu halali njaa." Ndiyo methali mliyoisikia kwa shangazi yenu leo, mkaja mbio kuniuliza ni mbwa gani huyo na majina yote hayo ya nini. Haya, kaeni. Mbwa mwenyewe alikuwepo, na habari zake na za wazee wake wawili ndizo zilizoizaa.

Mzee Anyosisye aliendesha treni miaka thelathini na miwili, akiishi Tabora. Alipostaafu, yeye na mkewe, Bi. Tusekile, walirudi kwao Rungwe wakajenga nyumba ya matofali katikati ya migomba. Walikuja na mbwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama, jingine limelala. Walimwita Likizo, kwa kuwa walimpata wiki ile ile Mzee alipokabidhi sare za kazi.

Nyumba ilikuwa nzuri, ila ilikuwa kimya. Wenzake Mzee wa utotoni walikuwa wamefariki au wametawanyika, na waliobaki hawakumzoea. Naye alikuwa mtu wa kungoja kufuatwa. "Mimi ndiye mgeni," alisema. "Wenyeji ndio waje."

Basi alishinda barazani akicheza drafti peke yake kwa vizibo vya soda, mkono wa kulia ukishindana na wa kushoto, na wa kushoto ukishinda alinuna. Bi. Tusekile naye alifuma vitambaa mpaka kila kiti, na redio, na hata mtungi wa maji, vikavaa. Mwaka wa pili Mzee akaanza kusema afadhali wauze nyumba warudi Tabora kwenye watu. Nyumba ile mkewe aliiota tangu siku za uchumba wao, na sasa aliifagia kama mtu anayeaga.

Asiyekuwa na shida ni Likizo. Kila asubuhi alipenya kwenye ua, akarudi saa kumi jioni tumbo limetuna, hata ugali wake hataki kuunusa.

"Huyu anaiba," alisema Mzee. "Ataniletea kesi." Akamfunga mnyororo.

Siku ya tatu wakasikia hodi. Alikuwa Bi. Subilaga, mjane aishiye bondeni, na kidumu cha maziwa mkononi.

"Samahanini, jamani. Namtafuta Mgeni."

"Mgeni gani, mama?" aliuliza Mzee.

"Mbwa wa kahawia, sikio moja limelala. Siku tatu hajaja kunywa maziwa yake. Nikikamua ng'ombe ndiye ninayezungumza naye, baba. Nimeogopa asije akawa amekufa."

Mzee hajajibu, akaingia Mzee Ambakisye, seremala, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi.

"Fundi! Kumbe uko hapa! Nani kamfunga Fundi?"

"Fundi ndiye nani?"

"Si huyu! Kila siku nikipiga randa anakaa ananisimamia. Mke wangu amemwekea mifupa mpaka imeota ukungu."

Mzee Anyosisye alisimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Huyu ni Likizo, na ni wangu!"

"Mgeni!" aliita mjane.

"Fundi!" aliita seremala.

Mbwa aliposikia majina yake yote kwa mpigo, hakujua aende wapi. Alizunguka huku, akazunguka kule, mnyororo ukamzonga Mzee miguuni, na mzee wa watu akaenda chini, kitako juu ya ubao wa drafti. Vizibo vikaruka hadi kwenye migomba.

Kisha Bi. Tusekile akapasuka kwa kicheko, na Mzee, aliyekuwa ameshafungua kinywa agombe, akajikuta naye anacheka, machozi yanamtoka.

Mzee Ambakisye aliinama kuokota vizibo. "Unacheza drafti? Na nani?"

Mzee aliona haya. "Peke yangu."

"Loo! Hapa na kwangu sauti inafika, nawe miaka miwili unacheza peke yako? Sisi tulidhani watu wa treni hamtaki watu."

"Nami nilidhani hamnitaki."

Walicheza hadi jua likazama. Mzee alifungwa mara tano, na hakununa hata mara moja. Bi. Tusekile alipopita na birika alimnong'oneza, "Tangu tuhamie huku, leo ndiyo mara ya kwanza nimepungukiwa vikombe."

Tangu siku hiyo Mzee akawa anaipita njia ya mbwa wake. Bondeni Bi. Subilaga alimwita Baba Treni. Seremala, kwa jinsi alivyokuwa akimfunga drafti, alimbandika jina la Mfungwa.

Masika yakaingia. Binti yao Lwitiko, aliyekuwa Dodoma, akajifungua, na Bi. Tusekile akaenda kumlea mzazi miezi miwili. Aliondoka na wasiwasi, maana mumewe hakujua hata chumvi inakaa wapi. Siku aliyorudi alikuta mlango umefungwa, jiko limepoa, buibui ametanda utando juu ya sufuria.

"Baba Lwitiko! Baba Lwitiko, uko wapi?"

Mara akasikia kicheko kwenye migomba. Mumewe huyo, na Likizo nyuma yake, wote wawili matumbo mbele, mkanda wa Mzee uko tundu la mwisho.

"Maskini mimi! Umekuwa unakula nini?"

"Asubuhi Baba Treni anakunywa maziwa bondeni," alijibu Mzee, akimpokea mzigo. "Mchana Mfungwa anakula ndizi kwa seremala. Sasa mama umerudi, Baba Lwitiko atakula chako."

"Na ile habari ya kuuza nyumba?"

"Nyumba gani?"

Bi. Tusekile alimtazama mumewe, akamtazama mbwa. Akaketi kizingitini, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Hapo ndipo alipolitamka neno ambalo jioni ile ile lilishuka bondeni, likapanda kwa seremala, na mpaka leo linatembea nyumba kwa nyumba:

"Kweli, mbwa mwenye majina matatu halali njaa."