Kamba ya Kocha Masaba

Anayemtegea mwenzake shimo asisahau kwamba na yeye ana miguu. Masaba, kocha wa wasichana wa Nkoma, mjini Mbale, alilisahau hilo.

Siku ya fainali ya mpira wa magongo dhidi ya Mafubira ya Jinja, Nkoma ndio waliokuwa wenyeji. Kwa desturi ya ligi yao, mwenyeji huchora mistari ya uwanja, na mwamuzi humwamini. Asubuhi Masaba alifunga kamba kwenye mlingoti wa goli ili achore nusu duara. Bao halihesabiwi mpira usipopigwa kutoka ndani yake. Swabrah wa Mafubira alikuwa hodari wa kufunga kutoka mbali. Basi Masaba akaifupisha kamba hatua mbili, akamwaga chokaa bila haya.

Mwamuzi alikuwa Aber, askari magereza wa Jinja. Alikuwa amepuliza kipenga miaka minane katika viwanja vya vumbi, na leo Conrad, mkaguzi wa chama cha mchezo huo, alikuja kupima kama anastahili beji ya taifa. Alisali kimya, akaanzisha mchezo.

Kipindi cha kwanza Swabrah aliachia kombora akiwa hatua moja nje ya chokaa, wavu ukatikisika. Aber alitazama chokaa, akakataa bao. Swabrah alilia kama aliyefiwa.

"Huyo ndiye refa!" Masaba alishangilia. "Macho ya tai!"

Dakika ya mwisho, bila kwa bila, Milly wa Nkoma alibanwa na mabeki, akapiga akiwa nje kidogo ya chokaa. Mpira ukaingia. Aber akakataa tena.

Uwanja ulichemka.

"Afande, macho umeyaacha gerezani?"

"Rudi Jinja ukalinde wezi wako!"

Chupa ya maji ilimpiga begani. Mwanamke aliyekataa bao la Jinja mbele yao, sasa akaitwa kibaraka wa Jinja! Ee Mola, ni dhuluma gani hii?

Masaba alimkimbilia Conrad, povu likimtoka. Hasira zilimsahaulisha kazi ya mikono yake.

"Bwana mkaguzi, mnyang'anye kipenga! Milly alikuwa ndani kabisa! Pima! Leta futi upime!"

Conrad akapima. Kutoka mlingotini hadi kwenye chokaa, mita mbili zilipungua.

"Kweli, Milly alistahili kuwa ndani," alisema. "Na Swabrah pia. Nani alichora?"

Milly ndiye aliyejibu: "Kocha mwenyewe, bwana. Sisi tulibeba chokaa tu."

Aber alimgeukia Masaba kwa ghadhabu. "Kocha, umenifanya nimwibie yule msichana kwa kipenga changu!" Kisha mbele ya umati akamwomba Swabrah msamaha, kwa kuwa aliamini mistari bila kuipima.

Kwa udanganyifu huo chama kiliwapa Mafubira kombe, na Aber, ambaye hakupendelea upande wowote, akapewa beji yake. Waliomtupia chupa hakurudi hata mmoja kumwomba radhi, Mungu anawajua. Masaba alifungiwa miaka mitatu, na kipimo kilichomhukumu alikidai kwa kinywa chake. Hakika, mchimba kisima huingia mwenyewe.