Aliyenyamaza Amekubali

Ngano yangu hiyoo!

— Ilete!

Niilete nzima au nusu?

— Nzima, usitupunje!

Haya, kaeni vizuri. Hapo kale, kale sana, ukame uliingia nchi ya wanyama. Ukabaki mto mmoja tu. Mfalme Simba akaamuru uchimbwe mfereji wa kupeleka maji palipo na shida. "Lakini," akasema, "wananchi wote waulizwe kwanza upite wapi." Kazi ya kuwauliza akampa Kiboko.

Lo! Fisi kakabidhiwa bucha! Kiboko huyo alitaka maji yote yaende kwenye bwawa lake la kuogea.

Akaitisha mkutano mtoni, penye kina kirefu. Wanyama wakaja, wakakwama ukingoni. Kiboko akazama, akasemea huko huko chini: "Mfereji uje bwawani kwangu. Anayepinga aseme!" Nani amsikie? Akaibuka. "Aliyenyamaza amekubali!"

Kanga akapiga kelele. Yeye aliishi Nyika Kavu, na vifaranga wake walikuwa hoi kwa kiu. "Hatukusikia, Mzee Kiboko! Tuulize tena!"

Kiboko akaitisha mkutano wa pili. Akatangaza utakuwa jioni, akaufanya asubuhi, peke yake. "Anayepinga aseme!" Kimya. "Aliyenyamaza amekubali!" Hana hata haya, jamani!

"Mama Kanga, mwenye nguvu mpishe," akasema Swala.

"Nimpishe, na wanangu wanakufa? Thubutu!" Kanga akaruka mpaka kwa Simba, akamsimulia yote. Simba akaamuru mkutano wa tatu ufanyike uwanjani, mbele yake. Kanga akarudi, akawaambia wenzake, "Kila mmoja aje na boga."

Siku ikafika. Kanga akainama kwa adabu. "Karibu ule kidogo, Mzee Kiboko, mkutano ni mrefu."

Kiboko na chakula! Akabugia maboga yote kwa pamoja, mdomo ukajaa pomoni. Hapo hapo Kanga akapaza sauti: "Mfereji uende Nyika Kavu. Anayepinga aseme!"

"Mmmh! Mmmh!" Kiboko katoa macho.

"Aliyenyamaza amekubali!" wanyama wakaitikia. Simba akacheka, mbavu hana.

"Basi mmeshinda," akasema Simba.

"Bado, Mfalme," akajibu Kanga. "Mngoje ameze. Sisi tulinyimwa kusema, tusimnyime mwingine. Aseme yeye, na wote waseme."

Wakamngoja. Kiboko akameza, akanguruma, "Bwawani kwangu!" Sauti moja, basi. Kisha akasema Swala, akasema Nyani, akasema Kobe, polepole, wakamsubiri mpaka akamaliza. Wote walisema, "Nyika Kavu!"

Wakachimba huku wakiimba. Maji yakaja mbio, yakaingia Nyika Kavu! Vifaranga wakanywa mpaka vitumbo vikavimba. Vigelegele! Kanga alilia kwa furaha, na tangu siku hiyo ukoo wake haujanyamaza. Hata Kiboko alikuja kunywa, na Kanga akampisha njia.

Mnasikia, nyie? Mpango wa wote huulizwa wote. Usiseme watu wamekubali, na wewe hukuwauliza. Na ukiulizwa, sema!

Ngano yangu imetua. Aliyesinzia asinilaumu, amwulize jirani yake.