Alama kwenye Mzinga wa Mihambo

Wenye akili sogeeni. Wasio nayo bakini hapo hapo, nanyi mnahusika. Mimi shule niliiaga darasa la sita, ila fumbo hili limeshawashinda walimu wawili.

Katika kijiji cha warina asali, Lugendo, mpima damu wa zahanati, alikuwa na jicho: tone la damu kwake ni kama uwanja. Mbula, mchora mitungi, alikuwa na mkono. Shija alikuwa na miguu, na baiskeli isiyojua kilima.

Mihambo, mrina mwenye kelele kuliko nyuki wake, aliumwa na mbung'o, wale nzi wa porini. Homa ikaja, kisha usingizi. Akawa analala tonge likiwa mdomoni.

Lugendo akatazama damu yake kwenye hadubini. Vijidudu vyembamba, virefu, vinajipinda. Kimoja kinajigawa, vinakuwa viwili. "Malale!" akasema. Mbula akachungulia, akavichora.

Dawa iko hospitali, kilomita sitini, na mvua imekata barabara, gari halipiti. Wakangoja. Siku ya nne Lugendo akapima tena.

"Vyembamba vimekwisha! Hivi vifupi vinene ni vingine, wala havizaani. Mihambo kapona. Mwacheni apumzike."

"Kaka Lugendo, hebu nipishe," Mbula akasema. Akavichora vinene, akachora na vichache vilivyokuwa si vyembamba si vinene, akapanga karatasi mstari mmoja. "Ni kile kile, kimejifupisha. Buu la nyuki likiota mabawa utasema ni ukoo mwingine?"

Lugendo akatazama mpaka jasho likamtoka. Kweli, Mihambo hakuwa amepona. Kijidudu kilikuwa kimeacha kuzaana, kinangoja mbung'o mwingine akifyonze, akakipeleke kwa mtu mwingine.

Shija hakungoja kuambiwa. Alimfunga Mihambo mgongoni kwa kanga, michoro kifuani, akakanyaga baiskeli kwenye matope siku nzima hadi hospitali. Daktari akasema, "Mngechelewa kidogo, mngemleta na sanda."

Mihambo akapona. Akatoa mzinga wake bora kumtuza aliyemwokoa. Lakini kwa warina, mzinga huchongwa alama ya mwenyewe mmoja. Alama mbili ni vita vya wajukuu.

"Nisingeona mimi, ungechora nini?" Lugendo akauliza.

"Ukaona, ukamwambia mgonjwa apumzike!" Mbula akamjibu.

"Karatasi zenu zilipanda kilima zenyewe?" Shija akadakia.

Mihambo ameshika kisu, ncha iko kwenye gogo. Haya, wewe unayecheka hapo: ungechonga alama ya nani?